Joto Tumelizoea, Mengine Tujipange: Kutoka Kibokoni Kwenda Kusoma Gainesville

Mwezi wa Agosti, Mungu akipenda, nitaondoka Kibokoni kwenda kusomea shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Florida, mjini Gainesville, Marekani. Somo langu ni uhifadhi wa majengo ya kale. Tangu habari ienee mtaani, haipiti siku bila ya mtu kunisimamisha Ndia Kuu au sokoni Marikiti akaniuliza: Ulifanyaje? Nani anakulipia? Na huko si kuna baridi ya kuua? Nimejibu sana kwa mdomo. Kwa kuwa wengi wanaouliza wana mtoto anayemaliza digrii mwaka huu au ujao, nimeona bora niandike, kila mtu ajichukulie linalomfaa.

Nianze na la baridi, maana ndilo jepesi. Gainesville iko kaskazini mwa jimbo la Florida, na si mji wa pwani. Bahari ya Atlantiki iko mbali nayo kiasi cha kilomita 100, na Ghuba ya Meksiko iko karibu zaidi kidogo. Julai joto hufika nyuzi 33, na unyevu wake ni ule tunaoujua sisi mwezi wa Machi kabla ya masika, shati likigandana na mgongo saa tatu za asubuhi. Alasiri za kiangazi hupiga radi na mvua kubwa ya muda mfupi. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao 141,000 mjini humo, na chuo peke yake kina wanafunzi zaidi ya 50,000. Yaani mji umekua kukizunguka chuo kama Mji wa Kale ulivyokua kuizunguka bandari.

Lakini joto hilo lina hila zake. La kwanza ni kwamba liko nje tu. Ndani ya madarasa, maktaba na mabasi, kiyoyozi hupigwa mpaka mtu akatetemeka, na wote niliozungumza nao waliowahi kukaa huko wamenambia neno moja: koti jepesi la kuvaa ndani ya nyumba, si la kuvaa nje. La pili ni kuwa kuna majira ya baridi ya kweli, ingawa mafupi. Usiku wa Januari kwa kawaida hushuka hadi nyuzi 6 hivi, na ziko siku chache ambapo umande huganda ukawa barafu. Sweta mbili, soksi na blanketi zito vinatosha. Yale makoti manene yanayouzwa mitumba Kongowea na wauzaji wakaapa kuwa ndiyo ya Marekani, yaache kwa waendao Minnesota.

La tatu ni kivuli, na hili sikulisikia kwa mtu yeyote. Nililiona nilipotazama ramani na picha za barabara zake. Mitaa yetu imebanana kwa makusudi. Nyumba hii humtilia kivuli wa nyumba ile, na mtu anaweza kutembea kutoka Mzizima mpaka Forodhani saa saba za mchana bila jua kumpata sana. Gainesville imejengwa kwa ajili ya gari. Barabara pana, viwanja vya kuegeshea magari, duka hapa na duka jingine maili mbili mbele. Baraza za kukaa nje ya nyumba hakuna. Asiyekuwa na gari hutegemea mabasi ya mji, ambayo wanafunzi wa chuo wamezoea kupanda bila nauli kwa kuonyesha kitambulisho chao. Kwa hiyo kabla ya kupanga nyumba, angalia kwanza basi gani linapita karibu, na la mwisho usiku ni saa ngapi. Chumba cha bei nafuu kisichokuwa na basi si nafuu.

Kuna na msimu wa tufani, kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba. Kimbunga Helene kilipiga upande huo wa Florida mwishoni mwa Septemba 2024, na watu wengi Gainesville wakakaa bila umeme. Sisi wa Mombasa kukatikiwa na umeme hakututishi, ila huko majiko mengi ni ya umeme na nyumba hazikujengwa kupitisha upepo. Tochi, maji ya kunywa ya siku kadhaa na chakula kisichohitaji kupikwa, viwepo ndani tangu wiki ya kwanza. Na maziwa madogo yaliyomo hata ndani ya chuo yana mamba, wa ile jamii yao ya Marekani. Hawana ua wala tiketi kama wa Mamba Village pale Nyali.

Kwa nini huko?

Wengine huchagua chuo kwa jina, wengine kwa kuwa kuna binamu. Mimi nilichagua kwa mawe. Kiasi cha kilomita 110 kutoka Gainesville uko mji wa St. Augustine, ulioanzishwa na Wahispania mwaka 1565. Una ngome yake, Castillo de San Marcos, iliyoanza kujengwa mwaka 1672 kwa jiwe liitwalo kokina, ambalo ni makombe ya bahari yaliyoshikana kwa karne nyingi. Ukiligusa, nasikia, ni laini na lina matundu, na chumvi ya bahari hulila polepole. Msomaji wa Mombasa ameshaelewa ninakokwenda. Fort Jesus imejengwa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa mawe ya matumbawe, kati ya mwaka 1593 na 1596. Na mfalme aliyekuwa akitawala wakati St. Augustine inaanzishwa ni yuleyule Filipo wa Pili wa Hispania, ambaye alikuwa ameshauchukua na ufalme wa Ureno ilipojengwa ngome yetu. Mfalme mmoja, bahari mbili, maradhi ya mawe yanafanana. Chuo Kikuu cha Florida ndicho kinachosimamia majengo mengi ya kale ya serikali ya jimbo mjini St. Augustine. Mtu anayetaka kujua namna ya kuokoa kuta za chokaa kwenye hewa ya chumvi na unyevu, huko kuna mahali pa kujifunzia kwa mikono. Kusomea jambo hilo kwenye nchi ya theluji kungenifunza kuziba baridi, na sisi hatuna baridi ya kuziba.

Nalisema hili kwa sababu barua ya maombi huanzia hapo. Kamati za vyuo husoma barua mia kadhaa zinazosema mwombaji anapenda elimu tangu utotoni. Eleza una jambo gani la kwenu linalokusumbua, na kwa nini jibu lake liko kwao. Vyuo vingi siku hizi havidai tena mtihani wa GRE, na vingi huwasamehe Wakenya mtihani wa Kiingereza, lakini si vyote, basi soma masharti ya idara yenyewe. Na ushauri wa bure upo: afisi ya EducationUSA iliyo chini ya ubalozi wa Marekani Nairobi huongoza wanafunzi bila malipo. Wale mawakala wenye afisi za ghorofani wanaotaka laki moja kwa kukujazia fomu, wanafanya kazi uwezayo kuifanya mwenyewe kwa wiki mbili za jioni.

Majina yetu

Hapa ndipo watoto wa Pwani wanapokwama, nami nitapatilia mkazo kuliko pengine pote.

Majina yetu hayakupangwa kwa fomu za Marekani. Sisi tuna jina letu, la baba na la babu. Wao wanataka jina la mtu na jina la ukoo. Pasipoti ya Kenya nayo ina nafasi ya jina la ukoo, na jina la mwisho ndilo linaloingia hapo. Matokeo yake ni kuwa huko utaitwa kwa jina la babu yako, nawe ni mwanamke. Hilo ni la kucheka tu. Lisilo la kucheka ni tahajia. Tuchukue mfano wa msichana aitwaye Mwanaisha Abdulrahman Swaleh. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwana Isha. Cheti cha KCSE ni Mwanaisha Abdulrahaman. Kitambulisho kina Saleh bila w. Pasipoti imefuata kitambulisho. Kwetu sote tunajua ni mtu mmoja, na hata karani wa chuo chetu anajua. Kompyuta ya chuo cha ng'ambo haijui. Ikiona Abdul Rahman imeandikwa mbali mbali itachukua Abdul na kuliacha Rahman, kisha barua pepe, bima na hundi ya mshahara zitoke kwa majina matatu tofauti. Na aliye na jina moja tu kwenye pasipoti, viza ya Marekani humwandikia herufi FNU mahali pa jina la kwanza, maana yake jina la kwanza halijulikani. Wako watu walioitwa "Bwana Fnu" kwa miaka.

Dawa yake ni kuanza mapema, mwaka mzima kabla ya kuomba ikiwezekana. Tandaza vyeti vyako vyote juu ya mkeka, kimoja baada ya kimoja, usome herufi kwa herufi. Chenye nguvu zaidi ni cheti cha mtihani wa taifa, kwa sababu ndicho kigumu kubadilisha, basi vingine vifuate hicho. Tofauti ndogo ya tahajia huweza kutulizwa kwa hati ya kiapo kutoka kwa wakili, inayosema kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Tofauti kubwa hutaka hati rasmi ya kubadilisha jina, ambayo hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ukishapatanisha, ndipo uombe pasipoti, na baada ya hapo jina liandike vilevile kila mahali, na nafasi zake na herufi zake, hata kama wewe mwenyewe hulipendi hivyo.

Kwa wale ambao kitambulisho chenyewe kilichelewa kwa sababu ya kuhojiwa asili yao, kama ilivyo desturi mbaya iliyowapata watu wetu wengi, ongeza muda zaidi. Hakuna chuo kitakachoelewa kwa nini mtu aliyezaliwa Mombasa, na baba yake amezaliwa Mombasa, anaulizwa cheti cha babu.

Viza

Chuo kikikukubali na ukaonyesha pesa zitatoka wapi, kitakutumia fomu ya I-20. Bila hiyo hakuna viza. Ninapoandika, ada ya mfumo wa SEVIS kwa mwanafunzi ni dola 350 na ada ya kuomba viza ni dola 185, jumla dola 535, ambazo kwa shilingi 129 kwa dola ni kama shilingi 69,000. Ada ya viza hairudishwi ukikataliwa. Tangu Juni 2025 ubalozi pia huwataka waombaji wa viza ya masomo waziache wazi kurasa zao za mitandao ya kijamii, ili zisomwe. Haya hubadilika mara kwa mara, basi yaangalie kwenye ukurasa wa ubalozi wenyewe, si kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa.

Mahojiano hufanyika Nairobi, Gigiri. Kwa mtu wa Mombasa hiyo ni safari ya siku tatu: treni ya SGR kutoka Miritini, kulala kwa jamaa, ubalozini asubuhi, na kurudi. Usijaribu kufika siku ileile. Sheria yao humchukulia kila mwombaji kuwa anataka kuhamia, mpaka yeye aonyeshe kwamba atarudi. Mazungumzo yenyewe ni dakika chache, umesimama mbele ya dirisha la kioo. Hapo adabu yetu inaweza kutuponza. Sisi tumefunzwa kuanza na salamu, kuulizana hali, kuzunguka kidogo kabla ya kuingia kwenye jambo. Afisa wa ubalozi hana nafasi hiyo. Akikuuliza unakwenda kusoma nini, mjibu kwa sentensi moja. Akikuuliza nani anakulipia, taja. Akikuuliza utafanya nini baadaye, uwe na jibu la kweli. Mimi nilisema nina nyumba ya urithi ambayo ukuta wake unaanguka, na ninakwenda kujifunza kuusimamisha. Akacheka, akaniambia viza yangu imekubaliwa.

Afya nayo isisahaulike. Vyuo vingi huko vinadai uthibitisho wa chanjo mbili za surua, na hupima kifua kikuu wanaotoka nchi zetu. Wengi wetu tulichanjwa BCG utotoni, lile kovu la mkononi, na kipimo cha ngozi kinaweza kusema tuna ugonjwa hali hatuna. Omba kipimo cha damu, ambacho chanjo hiyo haikisumbui.

Pesa za miezi miwili

Mtaani watu wakisikia mtu "amelipiwa" hudhani kila kitu kimekwisha. Kwa kawaida anayepewa kazi ya kumsaidia profesa kufundisha au kutafiti husamehewa ada ya masomo, hupata bima na posho ya kuishi. Lakini posho hiyo haikungojei uwanja wa ndege. Kwanza ufike, uripoti, ufungue akaunti, upate nambari ya serikali ya wafanyakazi, ndipo malipo yaanze. Wakati huo mwenye nyumba anataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana juu yake, na nyumba nyingi ni tupu, hazina hata godoro. Waliotangulia wananambia ubebe pesa za kukaa miezi miwili bila ya kumtegemea mtu. Viza ya masomo haikuruhusu kwenda kufanya kazi dukani mjini. Kazi ni ndani ya chuo, na si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Anayekwambia utaosha vyombo kwenye hoteli ulipie ada, anakutakia kufukuzwa.

Pia huruhusiwi kuingia nchini humo mapema kuliko siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20. Kodi za Gainesville nyingi huanza Agosti, mwaka mzima, basi tafuta chumba tangu Machi au Aprili, na ujihadhari na matapeli wanaotaka amana kabla hujaona hata mkataba.

Aliyesomeshwa kwa mkopo wa HELB akumbuke kwamba deni halibaki Moi International. Andikiana nao kabla ya kuondoka, mpange utakavyolipa.

Nyumba na wanaobaki

Wengi wakijitayarisha huhesabu masanduku. Mimi nilihesabu warithi.

Nyumba yetu ni ya marehemu baba, na kabla yake ya baba yake. Tuko warithi saba tukimtia mama. Mmoja yuko Dubai, mmoja Toronto, na sasa mimi nakwenda Florida. Tembea Mji wa Kale uhesabu nyumba zilizofungwa kufuli na mti umeota kwenye ghorofa ya pili, kisha uulize. Mara nyingi utaambiwa kwamba warithi wako nje, sahihi hazikutimia, hakuna awezaye kukarabati wala kuuza. Nyumba inangoja watu wanaopigiana simu mara moja kwa Idi. Ingekuwa ajabu mimi kwenda kusomea kuokoa majengo ya kale na huku nikiliua langu kwa kutokuwapo.

Kwa hiyo tulifanya mambo mawili. Tulikwenda mahakama ya kadhi kuthibitisha hisa za kila mrithi, jambo lililokuwa likingoja tangu baba alipofariki. Kisha mimi na ndugu walio ng'ambo tukamwandikia kaka yetu anayebaki hati ya kisheria ya kutia sahihi kwa niaba yetu, imeandikwa na wakili na itasajiliwa, ikitaja wazi anachoweza kufanya na asichoweza. Anaweza kukarabati, kukodisha chumba cha chini, kulipa ada za kaunti. Hawezi kuuza. Kaka hakuudhika. Alisema afadhali iandikwe sasa tukiwa tunakula sahani moja. Kwa kuwa Mji wa Kale ni eneo linalohifadhiwa, badiliko lolote la sura ya nyumba linapitia afisi ya uhifadhi ya Makavazi ya Taifa, na hilo pia tumelitia kwenye hati.

Mamangu lake lilikuwa jingine. Hakuuliza kuhusu pesa wala baridi. Aliuliza: "Mwanamke peke yake, kwa nani?" Swali hili lisidharauliwe, na wasichana wanaosoma hapa wasilijibu kwa hasira. Baraza la familia lilikaa mara mbili. Khalati mmoja alipinga mpaka mwisho, na anapinga bado. Ami yangu ndiye aliyelegeza mambo kwa kumtaja marehemu Profesa Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa aliyekuwa karani katika ile taasisi ya elimu ya Waislamu, MIOME, kabla ya kwenda Uingereza, akasoma Manchester, Columbia na Oxford, akafundisha Marekani miongo kadhaa, na alipofariki Oktoba 2014 akarudishwa kuzikwa hapa, makaburi ya Mazrui karibu na Fort Jesus. Khalati akamjibu kwamba yule alikuwa mwanamume, na alirudi akiwa maiti. Sikuwa na la kusema. Tulilokubaliana ni hili: nitakaa na wanawake watupu, nambari zao za simu zitakuwa kwa mama, na likizo ya kwanza ndefu nitarudi nyumbani.

Kulikuwa na jambo jingine lililoibuka kwenye kikao hicho. Binamu mmoja alitafuta jina la Gainesville kwenye simu yake, na habari ya kwanza aliyoiona ni ya mwaka 2010, ya mchungaji wa kanisa moja la mji huo aliyetangaza kuwa atachoma Kurani tarehe 11 Septemba. Chumba kilinyamaza. Ni kweli, lilitokea. Siku ile aliahirisha, lakini Machi 2011 ikachomwa nakala moja kanisani mwake, na watu wakauawa katika ghasia Afghanistan. Ni kweli pia kuwa kanisa hilo lilikuwa na watu wachache tu, kwamba meya na viongozi wa dini mbalimbali mjini walimpinga hadharani, na kwamba baadaye liliuza eneo lake likahama. Niliwaonyesha na upande huo. Msikiti uko University Avenue, njia kuu inayopita mbele ya chuo, mtu anautembelea kwa miguu akitoka darasani. Nawashauri wengine watafute habari mbaya za mji wao mapema, wazisome wenyewe, kabla hazijasomwa na binamu.

Juu ya swala, jitayarishe na saa. Sisi jua letu halidanganyi: Magharibi ni kama saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Gainesville, mwezi wa Juni, jua huzama saa mbili na nusu za usiku, na Isha huwa karibu saa nne. Mwanzoni mwa Januari huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Saa zetu za Kiswahili, zinazohesabu kutoka mapambazuko, zinapoteza maana yake huko, na mtu akikwambia saa moja asubuhi wakati wa baridi bado ni giza. Kibla nacho, ambacho kwetu ni kaskazini moja kwa moja, huko ni kaskazini mashariki. Kwa simu za nyumbani, tofauti ni saa saba wakati wao wa kiangazi na saa nane wakati wa baridi. Mamangu akimaliza Isha saa mbili usiku, mimi nitakuwa saa saba mchana, katikati ya vipindi. Tumeshapanga Jumapili, na tumeshamfunza kupokea simu ya video.

Mzigo

Kwa kawaida ni masanduku mawili ya kilo 23. Forodha ya Marekani haitaki nyama ya aina yoyote kutoka kwetu, wala matunda mabichi, wala mbegu za kupanda. Chakula chochote ulichobeba kitaje kwenye fomu. Anayetaja hunyang'anywa kilichokatazwa na kuachiwa aende zake, na anayeficha hutozwa faini. Bizari zilizosagwa, iliki, majani ya chai, kahawa, kashata na halua zinapita kwa kawaida. Papa mkavu muache, hata ukimpenda vipi.

Leso beba nyingi, maana ni shuka, taulo, pazia, zawadi na kitambaa cha kulilia. Udi na ubani ni mtihani. Nyumba zao zina kengele za moshi kwenye dari, na chetezo kimoja cha Ijumaa kinaweza kuita gari la zimamoto na majirani wote wakatoka nje. Nimeamua kubeba mafuta ya udi badala yake. Mbuzi ya nazi tumeigombania sana na mama. Yeye anasema wali hauwezi kuwa wali kwa tui la mkebe, mimi nasema ina kilo mbili na meno ya chuma. Tumeitia kwenye sanduku kubwa, imefungwa kwa gunia.

Kilichobaki ni ukuta wa nyuma, ule unaopakana na jirani. Chokaa imeshaletwa, boriti nne zimekaa uani, na fundi anaanza Jumatatu ili amalize kabla sijaondoka.